Baki

Igombe, alfajiri. Karani wa dagaa ni mimi.
Daftari langu lina madoa ya mafuta ya taa
tangu enzi za karabai, kabla ya taa za sola.
Jana giza lilikuwa zuri, mwezi haukutuingilia;
fungu la tajiri limeshatoka,
zimebaki ndoo thelathini na sita.
Nimehesabu mara tatu.

Wengine wanaona ndoo. Mimi naiona namba
imekaa mchangani, imekunja miguu,
nami naijua kama unavyomjua jirani:
anamkopesha nani, anamnunia nani.

Zipange sita kwa sita: mraba,
hakuna ndoo inayochungulia nje ya mstari,
kama darasa siku ya mkaguzi.
Zivuruge. Weka moja juu, chini yake mbili,
chini ya mbili tatu, shuka hivyo hivyo
mpaka safu ya nane yenye ndoo nane:
zimekwisha zote, na sasa ni pembetatu,
pana kule chini, kama majabali ya Mwanza
yanayobebana bila kuulizana kwa nini.
Namba ngapi zina sura hizo mbili?
Ukiiacha moja, ambayo hukubali kila jina,
hii ndiyo ya kwanza. Inayofuata iko mbali,
elfu moja mia mbili ishirini na tano,
na njia nzima hapo katikati ni kavu.

Kidato cha pili nilikata miche ya sabuni,
nikajenga mchemraba wa kipande kimoja,
mwingine wa vipande vinane, mwingine wa ishirini na saba.
Jumla: thelathini na sita.
Mama akauliza, sasa tutafulia hesabu?

Si namba tasa, hii.
Neno hilo silipendi, mawifi waliwahi kunibandika.
Ina vigawo tisa;
hakuna namba iliyo chini yake yenye vingi hivyo,
na karibu vyote vimeoana:
moja na thelathini na sita, mbili na kumi na nane,
tatu na kumi na mbili, nne na tisa.
Sita peke yake haina mwenzi.
Hujizidisha yenyewe, jioni, mlango umefungwa.

Wavuvi wetu walikuwa sita.
Kila mtu ndoo sita, nani angegomba?
Nilifunga daftari kabla chai haijachemka.
Tangu ziwa limchukue Magesa, mwezi uliopita,
wamebaki watano, na namba imegeuka.
Saba, saba, saba, saba, saba.
Ndoo moja imebaki mchangani.

Hakuna anayeitazama.
Bwire anafunga kamba iliyokwisha kufungwa.
Sayi anasema tutafute watu wawili, wawe saba,
labda itakaa sawa. Nakokotoa kwa kidole kiganjani:
tano kwa kila mmoja wa saba,
na inabaki moja ileile.
Nacheka, halafu sicheki.
Namba yenye milango mingi kiasi hiki,
ukiipeleka kwa watano, ukiipeleka kwa saba,
haisemi hapana. Inaacha mmoja
amesimama nje, na ndoo yake.

Nimeandika:
36 kwa 5, kila mtu 7,
baki: Magesa.

Nimejitwika hadi kwa Nyanzobe.
Amenitazama mimi, ameitazama ndoo, hakuuliza.
Amewamwaga juu ya chanja
akaanza kuwatandaza kwa viganja,
dagaa wadogo, wanaong'aa, wengi mno,
bila kuhesabu.